Ufa Usio na Harufu

Mume wangu alianza kuninukia mzoga mwezi wa nne. Nalisema hivyo hivyo bila kulipaka sukari, kwa sababu miezi ile nililificha vya kutosha, na kulificha ndiko kulikotaka kunivunjia nyumba. Si kwamba alikuwa mchafu. Ni mtu wa Tanga yule, anaoga akiamka na anaoga akirudi kazini, kola nyeupe, kucha zimekatwa. Lakini akifungua mlango tu jioni, tumbo langu linapanda mpaka kooni, nami nakimbilia sinki kujifanya naosha vikombe.

Kisa chenyewe ni hiki. Januari ile korona iliingia kila nyumba mtaani kwetu St Marys, hapa Sydney, haikubagua. Tuliugua wote wawili. Yeye alikohoa siku mbili tatu, akarudi kuendesha forklifti lake la kunyanyulia mizigo kwenye ghala kule Ingleburn. Mimi nilipona mwili lakini nikabaki sina pua. Nilikuwa sisikii harufu ya kitu chochote: si karafuu, si samaki, si vya chooni vya wazee ninaowahudumia kazini. Nilikula wali kama mtu anayetafuna karatasi.

Kisha asubuhi moja namimina kahawa, nikasikia kitu puani. Nikapiga ukelele, "Baba! Nimesikia! Nimesikia harufu!" Akatoka bafuni mbio, taulo kiunoni, maji yanamchuruzika, akanikumbatia palepale jikoni. Alhamdulillah, Alhamdulillah. Hapo hapo akampigia simu dada yake Tanga kumwambia pua ya wifi yake imerudi. Furaha aliyokuwa nayo! Sikupata upenyo wa kumwambia imerudi na nini. Kahawa ile ilinuka maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa mwezi mzima, yakachemshwa na kipande cha tairi. Kefule!

Daktari alinieleza kwa simu, maana siku zile hata daktari humwoni, unamsikia tu. Mishipa ya pua ilikufa, akasema, sasa inaota upya na inajiunganisha ovyo ovyo, kwa hiyo kizuri kinakufikia kibaya. Itapita. Lini? Hajui. Nitafute karafuu na ndimu, niwe nanusa kila siku, niifundishe pua upya kama mtoto wa chekechea. Nikamshukuru kwa adabu zote, nikakata simu, nikanusa karafuu, nikaenda kutapika.

Basi uvundo ule ule mmoja ukahamia kila mahali. Vitunguu, vitunguu saumu, kuku wa kukaanga, mkate unaobanikwa, dawa ya meno, shampuu, sabuni ya nguo. Kwapa langu mwenyewe! Nikawa napika na pamba puani, nakula ndizi na mtindi baridi, basi. Na kichekesho, kama kinachekesha, ni kwamba vitu vinavyonuka kweli havikuniudhi tena. Kazini nilibadilisha wazee nepi huku wenzangu wakigeuza nyuso nyuma ya barakoa zao, mimi natabasamu tu. Nilipita soko la Cabramatta mbele ya yale madoriani, matunda yanayonuka kama choo, ambayo zamani nilikuwa nayakimbia kwa kuvuka barabara, nikasimama hapo napumua raha mustarehe. Muuzaji alifikiri nataka kununua.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni shingo ya mume wangu. Mwanamke aliyeolewa muda mrefu anaijua shingo ya mumewe kuliko anavyoijua barabara ya kwake. Ndipo uvundo ulipokaa, nyuma ya sikio, kwenye ndevu, kwenye pumzi. Akiketi karibu nami kwenye kochi, nasimama. Akiingia kitandani, nageukia ukuta, kisha nikaanza kulala chumba cha binti yetu aliyekwisha kuolewa, nikasingizia shifti za alfajiri, ati sitaki kumwamsha.

Utaniuliza, kwa nini usimwambie? Mwenzangu, wewe umelelewa wapi? Kwetu mke hamwambii mume kwamba ananuka. Ukisikia mke kalitamka hilo, ujue wazee wanaitwa. Mimi kabla ya kuolewa nilifundwa siku saba ndani, na nusu ya mafunzo yale yalikuwa habari ya harufu: nguo zake uzifukize, shuka uzifukize, nywele zako uzifukize, akirudi akukute unanukia. Mke ndiye mwenye chetezo nyumbani. Sasa mimi, niliyefundwa hivyo, nitafungua mdomo niseme, "Baba, unaninukia mzoga"? Nilinyamaza. Nikasema itapita kabla hajagundua.

Aligundua nusu yake, na nusu hiyo ndiyo mbaya. Yeye alijua pua yangu imerudi, si nilipiga ukelele mwenyewe jikoni? Kwa hiyo mke anayemkwepa, mke aliyeacha kufukiza nguo, mke anayejifunga barakoa hata sebuleni akisingizia korona, akahesabu kwamba kilichoharibika ni yeye. Akaanza kuoga mara tatu. Akabadilisha sabuni, akanunua ile yenye kunukia zaidi, Mungu nisaidie. Kisha, watu wa kwetu tulivyo, hakuniuliza mimi. Akamuuliza dada yake.

Mipaka ilikuwa imeshafunguliwa, watu wanaruka tena. Wifi yangu akatuma kifurushi na msafiri wa kwanza aliyempata: udi wa maana, si ule wa dukani, mafuta ya kujipaka ya kila namna, marashi, makaa, na chetezo kipya cha udongo. Nilipofungua karatasi ya kwanza ilibidi nitoke nje nikasimame kwenye egesho la magari.

Tangu siku hiyo mume wangu akawa anajifukizia mwenyewe. Mwanamume mzima, ametoka kazini mgongo unamuuma, anawasha makaa, anatia udi, anajitanda shuka na kusimama juu ya chetezo kama bi harusi. Mara ya kwanza king'ora cha moshi kililia jengo zima, jirani wa juu akashuka na ndala mkononi. Mara ya pili akapanda kiti, akakivika king'ora ile kofia ya plastiki ninayoogea ili kisisikie moshi. Kisha anakuja kuketi karibu yangu, nguo zinatoka moshi, macho yanangoja. Na mimi nilikuwa nakishikilia kiti kwa mikono miwili nisikimbie. Udi, jamani! Katika vyote vilivyooza duniani miezi ile, hakuna kilichonuka kama udi. Kadiri alivyojitahidi ndivyo nilivyozidi kumkimbia, na kadiri nilivyokimbia ndivyo alivyotia udi zaidi.

Juni jioni moja alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yetu. Hakuingia. Alishika fremu ya mlango.

"Mama," akasema, "zile vocha za matembezi za serikali, za kututoa watu majumbani. Mwisho wa mwezi zinakufa."

"Zitumie."

"Nataka tuzitumie pamoja. Jumamosi."

Nikasema nina kazi. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mwenzake kazini anahama, chumba chake kiko Ingleburn karibu na ghala, na anatakiwa aseme Jumatatu kama anakichukua.

"Unataka kuhama?"

"Sitaki. Lakini kukaa na mtu anayeniona uchafu pia siwezi."

Neno lilifika kwenye ulimi wangu, Wallahi lilifika. Lakini nilisemeje? Si uchafu, baba, ila mzoga? Nikasema tu, "Jumamosi nitakuja."

Na alichokuwa amechagua, kati ya sinema na bustani za wanyama na boti za kuzunguka bandarini, ni kupiga mbizi kwenye maji ya baridi. Katikati ya kipupwe! Mtu mmoja ghalani alimwonyesha video: ufa katika mwamba, kusini mwa jiji, pale miamba inapokatika na kuangukia baharini, maji ndani yake maangavu mpaka unaona kokoto za chini. Waliouza safari hiyo walikuwa wameitangaza kwa wale ambao korona iliwanyima kusafiri. Eti mbizi za nchi za barafu, huna haja ya pasipoti. Mume wangu kakulia kuruka majini Raskazone, ufukweni kule Tanga, akiona maji akili inamruka. Mimi naogelea pia, nilijifunza utotoni, lakini kwenye maji ya moto ya kwetu, si haya ya kugandisha ubongo.

Ndani ya gari nilikaa kiti cha nyuma, nikavaa barakoa mbili na kufungua dirisha lote. Baridi ya asubuhi inaingia, pua zinatoka maji, yeye kimya, mikono kwenye usukani. Alikuwa amejipaka mafuta ya wifi yangu nyuma ya masikio. Aliniangalia mara moja kupitia kioo, akaangalia barabara. Nilikuwa natapika bila kutoa kitu, chini chini, njia nzima, najifanya nakohoa.

Tulipofika, ilinibidi nijue kwamba kuna uchafu wa pua na kuna uchafu wa macho, na huu wa pili hauhitaji kuugua ili uuone. Mwalimu wa mbizi alikuwa mama mmoja wa Kizungu, ngozi imekaushwa na jua kama ya papa wa ng'onda, miguu peku kwenye baridi ile. Mlangoni tukapakwa sanitaiza. Tukaulizwa kama tuna homa, kikohozi, kama tumepima. Simameni mbali mbali, tafadhali. Nikasema angalau hawa wana ustaarabu. Kisha akafungua mlango wa banda na kututolea suti za mpira za kukodi.

Suti zile zilikuwa mbichi. Si zenye unyevu, mbichi, za mtu wa jana. Yangu nilipoigeuza ndani nje ilikuwa na plasta ya kidole imeganda kwenye goti, plasta iliyotumika, na unywele mrefu mwekundu umejizungusha kwenye zipu. Niliushika unywele kwa ncha za vidole viwili nikauvuta, ukaja, ukaja, hauishi. Ptuu! Miaka miwili nimeambiwa nisimguse mtu, nisimpumulie mtu, nimenawa mikono mpaka ngozi imepasuka, leo naingizwa mwilini mwa mtu nisiyemjua.

"Itakubana," akasema yule mama, akinisukuma ndani kwa kiganja mgongoni, "lakini maji yakiingia yatapata joto. Na ukisikia baridi sana, kojoa humo humo. Wote wanakojoa."

"Wote?"

"Wote," akasema kwa furaha, utadhani ananipa habari njema.

Astaghfirullahi. Kwa hiyo plasta na unywele vilikuwa mapambo tu. Nilisimama ndani ya mikojo ya Sydney nzima, imenibana mpaka shingoni, najisi tupu, na adhuhuri itanikuta humo. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshavaa, kofia ya mpira imembana mashavu, ndevu zimejikunja kidevuni. Siku nyingine angenitania. Angesema, "Bibie, leo umepatikana." Leo wapi! Alikuwa akifungua na kufunga mkanda wake, anafungua, anafunga.

Vile vidude vya kutia mdomoni, vya kuvutia hewa ya mtungi, vilikuwa kwenye ndoo ya maji ya dawa ya rangi ya waridi. Changu kilikuwa na alama za meno. Meno ya watu, yamezama kwenye mpira, upande mmoja umetafunwa mpaka umekatika. Nikauliza kama kinaoshwa. Yule mama akaninyooshea ndoo. Juu ya maji yale ya waridi inaelea nzi.

Kisha tukashuka juu ya mwamba, mitungi mgongoni, tunatambaa kama kaa, mpaka ukingoni pale ufa unapoanza. Hapo ndipo niliona mambo. Yule mama akavua miwani yake ya majini, akakohoa kutoka ndani kabisa, akatema mate kwenye kioo, pyaa, akayapaka kwa kidole gumba, akasuuza, akavaa. "Ili kisiingie ukungu," akasema. "Temeni."

Mume wangu akatema, hana shida. Mimi nikajaribu. Hakuna kitu. Kinywa kilikuwa kikavu kama gunia, nimetapika hewa tangu asubuhi, mate yatoke wapi? Nikajaribu tena. Yule mama akanyoosha mkono, mwema kabisa, bila hata haya.

"Lete, nikutemee."

Nchi hii! Nilikumbatia miwani yangu kifuani kwa mikono miwili. Wazee wetu kazini walikufa bila kushikwa mkono na watoto wao kwa ajili ya chembe za mate zisizoonekana, na huyu anataka kunipaka yake machoni, kijiko kizima! Nikasema hapana, hapana, hapana. Akacheka, akasema basi utashuka kipofu.

"Nipe mimi," akasema mume wangu.

Ilikuwa sauti ya kwanza aliyoitoa tangu nyumbani. Hakunitazama machoni. Alinyoosha kiganja tu, ametazama pembeni, kama mtu anayengoja kukataliwa mbele ya mgeni. Nikampa. Akatema taratibu, akapaka kila pembe ya kioo kwa uangalifu, akainama kukisuuza kwenye maji, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikakivaa. Kinyaa kilinipitia mwilini kote, siwezi kudanganya, nikafumba macho. Nilipofumbua, kioo kilikuwa safi.

Tukaingia.

Baridi ile sijui niitajeje. Ilinipiga kwenye paji la uso na meno, nikasikia fuvu linaminywa. Maji yakapenya zipuni, yakatambaa uti wa mgongo. Nikatukana kwa Kiswahili ndani ya kile kidude cha meno ya watu, mapovu yakapanda. Yule mama akatushika mkononi, huku na huku, akatushusha polepole katikati ya kuta mbili za mwamba, karibu sana hivi kwamba nikinyoosha mikono nashika zote. Kuta zenyewe zilikuwa na mambo yake: vitu kama viazi vilivyooza, vimeshikamana makundi makundi, ukivisogelea vinatema maji. Kimoja kikanitemea. Hata mawe ya nchi hii yanatema! Chini kulikuwa na mwani unaoyumba, samaki wadogo wenye mistari, na pweza mmoja aliyetutazama kwa dharau akajirudisha shimoni. Maji yalikuwa maangavu mpaka yanaudhi. Juu kabisa niliona mbingu, mstari mwembamba wa buluu.

Nilikuwa nimefika kwenye kokoto za chini, nashughulika na masikio yangu yanayouma, ndipo nikahisi kuna kitu kimekosekana. Sikujua ni nini. Nilipekua mwili mzima kama mtu aliyesahau pochi. Kisha nikajua.

Hapakuwa na uvundo.

Pua yangu ilikuwa imefungwa ndani ya miwani. Hewa ya mtungi inaingia kwa mdomo, kavu, baridi, haina chochote, haina hata uhai wa kunuka. Si mpira, si mwani, si meno ya watu. Tangu mwezi wa nne sikuwa nimepumua pumzi hata moja ambayo haikuoza, na sasa navuta, natoa, navuta, natoa, safi. Nikageuka.

Mume wangu alikuwa pale, kuta zimembana, anaelea kidogo juu ya kokoto. Niliuona uso wake kupitia mate yake mwenyewe. Kile kipara kimefichwa, mvi za ndevu zinachezacheza, macho makubwa nyuma ya kioo. Nikamsogelea. Akarudi nyuma! Maskini wa Mungu, alikuwa amezoea, nikisogea anajisogeza yeye kwanza asinikere. Nikamsogelea tena, nikamkamata mkono, glavu kwa glavu, nikamvuta mpaka kioo changu kikagonga chake. Nikakaa hapo. Nikalaza shavu la mpira kwenye bega lake la mpira. Shingo yake ilikuwa hapa, mbele ya macho yangu, na tumbo langu limetulia tuli.

Akanionyesha duara la vidole, ile ishara tuliyofundishwa: uko salama? Nikamrudishia. Akauliza tena. Nikamrudishia tena. Yule mama naye akaja, akafikiri nimeingiwa na hofu, akaonyesha dole gumba, twende juu. Nikatikisa kichwa. Akarudia. Nikatikisa kichwa kwa nguvu mpaka maji yakaingia kwenye miwani, nikamng'ang'ania mume wangu kama kupe. Sitoki! Nani atoke? Na kwa kuwa nasema yote, niseme na hili: miguu ilikuwa inakufa ganzi, sikutaka kupanda, nikakojoa. Joto likaenea magotini. Nikamwombea msamaha mwenye unywele mwekundu.

Lakini mtungi una mwisho wake. Tukapandishwa. Tukajivuta juu ya mwamba, mimi bado nimemshika mkono, na yeye, wallahi, alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka miezi. Akavua miwani, akachomoa kile kidude, akageuka kunitazama, uso karibu na wangu, akasema, "Mama, umeona ule..."

Pumzi yake ikanifikia. Mafuta ya wifi yangu yalikuwa hayajaoshwa hata na bahari. Nikamsukuma kifuani, nikainama, nikatapika palepale mbele yake, mtindi na ndizi, juu ya mapezi yake.

Yule mama akajishughulisha na mitungi mbali kidogo. Mume wangu alitazama matapishi, akanitazama, na kicheko kikamtoka usoni taratibu. Akaanza kuvua mapezi.

"Basi," akasema. "Nimeelewa. Nitawaambia nakichukua kile chumba."

"Unanuka," nikasema.

Akaacha kuvua.

"Unanuka mzoga, baba. Udi unanuka mzoga. Kahawa, vitunguu, sabuni, mimi mwenyewe. Kila kitu. Si wewe. Ni pua. Haikurudi vizuri, imerudi mbovu, nimetapika tangu asubuhi ndani ya barakoa, natapika kila siku. Kule chini hakuna harufu. Ndiyo maana sikutaka kutoka." Nilikuwa nalia na kutetemeka na makamasi yananitoka, na mwalimu wa Kizungu anasikia Kiswahili chote asielewe hata neno.

Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye ndevu.

"Tangu lini?"

"Tangu ile kahawa."

"Na udi?"

"Udi ndio mbaya kuliko vyote."

"Na mimi nikawa nautia kila jioni," akasema. "Kila jioni, Mama."

Nilidhani atakasirika. Nisingemlaumu. Badala yake aliinuka, akaangalia bahari, akalamba kidole na kukiinua juu. Nikafikiri sasa baridi imempanda kichwani. Aligeuza kidole huku na huku. Kisha akaninyooshea ule mwamba.

"Upepo unatoka huku. Wewe kaa hapo hapo. Mimi nikae wapi, huku chini?"

Hakungoja jibu. Akanizunguka kwa mbali, akaenda kukaa upande wa pili, pale upepo unapochukua harufu yake na kuipeleka baharini badala ya kuniletea mimi. Ilikuwa mbali kidogo. Ilibidi apaze sauti.

"Huku je? Wanuka?"

"Kidogo!"

Akasogea tena.

Tuliporudi nyumbani nilioga mara mbili kwa ajili ya ile suti, nikaswali adhuhuri na alasiri. Yeye alipanda kiti, akakivua king'ora cha moshi ile kofia yangu ya kuogea, akafunga chetezo kwenye gazeti akakiweka juu ya kabati. Kisha nikasikia anasukuma kitanda. Alikuwa anakigeuza, upande wangu uwe dirishani na wake uwe ukutani, na dirisha amelifungua lote, Juni ile, pazia linaruka. Akaleta mablanketi yote tuliyokuwa nayo.

Nikaingia. Akaingia, akageukia ukuta ili pumzi yake isinifikie, akanyoosha mkono nyuma yake, akaacha kiganja wazi juu ya shuka. Baridi inaingia, meno yanagongana. Pua yangu ilikuwa haijapona, na haikupona mpaka baadaye sana. Alinuka, jamani, alinuka vibaya mno.

Nikaushika ule mkono, na sikuuachia.